Mtandao Upo, Chumba Hakuna

Dar es Salaam hii, ukiona mtu ameegesha gari kivulini saa saba mchana, vioo vimepandishwa, waya za masikioni zimechomekwa na macho ameyakaza kwenye usukani, usimgongee kioo. Huenda yuko kwenye simu na mshauri wake, yule wa ushauri nasaha.

Tangu nianze kulisema jambo hili bila kunong'ona, watu wamekuwa wakiniambia wanakoongelea. Mmoja hujifungia kwenye stoo ya saluni ya rafiki yake, katikati ya makasha ya rasta. Mwingine hupanda juu kwenye tangi la maji na kudai anakagua kiwango. Kuna baba mtu mzima, fundi wa mitambo, ambaye humwambia mkewe anakwenda kujaza upepo tairi. Mimi nilikuwa na bafu. Ukifungulia maji kidogo kwenye ndoo sauti haitoki nje, ila bili inapanda na mama mkwe anaanza kuuliza kulikoni huko.

Naanza na mahali kwa sababu kila nikisoma habari za ushauri nasaha kwa mtandao naambiwa kikwazo ni intaneti. Jamani, intaneti ipo. Saa nzima ya kuongea kwa sauti tu WhatsApp inakula data kidogo kuliko vichekesho vya dakika chache unavyotazama foleni ya Ubungo. Kikwazo ni mlango. Nyumba zetu hazikujengwa ili mtu akae peke yake akizungumza saa nzima na mtu asiyejulikana na wenzake wa ndani. Mlango ukifungwa mchana, ama kuna mgonjwa, ama kuna ugomvi, ama kuna fedha zinahesabiwa.

Sasa yangu. Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, tuko sita. Ni mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nina mume mwema ambaye kazi yake ni ya safari. Nina mama mkwe aliyekuja kwetu Kimara kutibiwa mguu, mguu ukapona, naye akakaa. Hakuna msiba hapo, hakuna kipigo, hakuna njaa. Lakini nilikuwa naamka saa tisa usiku na kuanza kugawa mshahara ambao haujaingia: ada ya huyu, bati za yule, mchango wa harusi ya mtoto wa binamu ambaye sijawahi kumwona. Dada wa kazi nilikuwa namfokea kwa sababu ya kijiko. Jioni moja machozi yalinitoka kwenye mwendokasi, tumeshapita Magomeni, na mama aliyekaa jirani akanipa pole ya msiba. Nikaipokea, maana ningemweleza nini?

Nilipima presha, sukari na damu. Kila kitu kilikuwa sawa. Daktari akaniandikia vitamini.

Kwetu mambo ya kichwa yana vyumba viwili tu. Kimoja ni Mirembe, kule Dodoma, hospitali ambayo jina lake tumeligeuza tusi la shuleni. Cha pili ni "zoea, ndiyo maisha." Kati ya hivyo viwili kuna umati wa watu wanaokwenda kazini, wanaolipa ada kwa wakati, wanaocheza kwenye sendofu, na ambao usiku hawalali. Umati huo ndio ninaouandikia.

Nasikia mtu ananiuliza: kwani huna shangazi? Ninaye, na nampenda. Pwani kuna somo na kungwi wa kumfunda mwali, bara tuna mashangazi, kanisani kuna mchungaji, msikitini kuna shehe. Hatukosi watu wa kuwaeleza. Tatizo ni kwamba wote hao ni upande katika kesi. Nikimwambia shangazi kuwa michango ya ukoo imeniletea kukosa usingizi, mweka hazina wa ukoo ni yeye. Nikimgusia habari za mama mkwe Ijumaa, Jumapili wifi yangu anazo. Simlaumu, kwa sababu ukoo unaishi kwa kupashana habari. Hata mchungaji, mtu wa watu, ananiona kila wiki nimesimama na kwaya, na siku akihubiri kuhusu kuheshimu wakwe mimi nitajua anamsema nani.

Haina maana kwamba wazee hawafai. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, aliwachukua bibi kumi na wanne wa Mbare, Harare, akawafundisha kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa fani yake wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA likachapisha matokeo ya utafiti wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare: waliokaa na bibi walikuwa wamepata nafuu kuwazidi waliopewa huduma ya kawaida. Benchi hilo likavuka mipaka, likafika hadi Zanzibar. Ninachokiona mimi katika habari hiyo ni kwamba bibi wale walifundishwa. Waliuliza maswali kwa mpangilio, wakamwacha mtu achague tatizo moja la kuanza nalo, na wakazuia midomo yao isitoe hukumu. Na bibi wa benchini hakuwa bibi yako.

Mshauri wangu nilielekezwa na mwenzangu wa kazini, ambaye alinitumia namba bila maneno, kama anayetuma namba ya fundi bomba. Nashukuru ilikuwa hivyo, kwa sababu kule Instagram hakuna anayedaiwa cheti. Mtu ameachika mara mbili, amesoma vitabu vitatu vya kutia moyo, amenunua taa ya duara, kesho ni "mtaalamu wa mahusiano". Kenya angalau wana sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, yenye kutaka mtu asajiliwe. Popote ulipo, muulize: umesomea nini, wapi, umefanya kazi na nani, na wewe mwenyewe unasimamiwa na nani? Hilo la mwisho ndilo linalowatoa jasho matapeli. Mshauri wa kweli ana mkubwa wake ambaye yeye humpelekea yanayomwelemea, bila kutaja majina. Wangu alijibu yote bila kununa, akaniambia ni vizuri nimeuliza.

Yuko Moshi, na kiumri ni sawa na mama yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza ningependa aniite nani. Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu wa rika lake. Mimi nikabaki kumwita mama, ingawa mwanzoni ilinitatiza: utamwelezaje mama mambo ya chumbani? Inawezekana, kumbe, mama mwenyewe akiwa yuko mbali kilomita mia tano na ushee na hamtakutana kwenye kitchen party ya mtu.

Siku ya kwanza kabla ya lolote aliniuliza vitu ambavyo sikuvitegemea. Niko wapi muda huu, mtaa gani? Nyumbani kuna nani? Likitokea la dharura ampigie nani? Kisha akasema, "Sasa nitakuuliza maswali ya ndiyo au hapana tu, ili kama kuna mtu anasikia asielewe." Akauliza kama kuna anayenipiga, kama naogopa kurudi nyumbani. Hapana, hapana. Akaniambia mtandao ukikatika atapiga yeye kwa laini ya kawaida, nisihangaike kupiga, maana tukipigiana wote simu zitakuwa zinatumika mpaka saa iishe. Kitu kidogo, lakini mtu asiye na uzoefu hakifikirii.

Akanisomea dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, kukosa raha na yale uliyoyapenda. Lilitungwa Marekani na Robert Spitzer na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo linatumika hata kwenye vituo vyetu vya afya kwa Kiswahili. Swali la tisa linauliza kama umewaza kufa au kujidhuru. Alilisoma kwa sauti ileile ya swali la usingizi, hakulikimbia wala hakulivuta. Nikasema hapana, na kwa mara ya kwanza nikaona ni kwa namna gani ingekuwa rahisi kusema ndiyo kama ingekuwa ndiyo.

Baadaye nilijua sauti ile ameitoa wapi. Alianza akiwa muuguzi, akahamia kwenye ushauri nasaha wa VVU. Wengi wa washauri wazoefu wa nchi hii wamepitia huko. Kabla ya UKIMWI hatukuwa na desturi ya mtu kulipwa ili akusikilize. Yeye alikaa na watu kabla ya mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipokuwa bado hazijaanza kutolewa bure, wakati karatasi ya majibu ilikuwa inafunguliwa mezani na hakuna cha kuahidi baada yake. Mwaka 2007 Rais Kikwete na Mama Salma walipopima hadharani, foleni vituoni zikawa ndefu, na watu kama yeye walishinda kutwa wakiwaandaa wageni kwa majibu ya aina mbili. Mtu aliyepita huko hashtuliwi na mama mkwe wa Kimara.

Uzoefu wake niliusikia zaidi kwenye ukimya. Ana kwa ana, mtu akinyamaza unamwona anafikiri. Kwenye simu, kimya cha sekunde tano ni "haloo? haloo? unanisikia?" Nilipomaliza kueleza habari ya bati za nyumba ya mjomba, nikangoja aniambie la kufanya. Hakusema. Nikaangalia simu, dakika bado zinahesabu. Akasema polepole, "Nipo," akanyamaza tena. Ndipo nikajikuta naendelea, na yaliyotoka pale sikuyapanga: kwamba baba alipokufa nilikuwa kidato cha nne, na kwenye tanga mzee mmoja alinishika bega akasema sasa wewe ndiye baba. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale yakiwa sifa.

Nilitarajia ushauri, kama jina la huduma lilivyo. Kwetu mkubwa akikusikiliza lazima amalize kwa wosia. Huyu alimaliza kwa kazi ya nyumbani. Kila nikiombwa hela, niandike mambo matatu kabla sijajibu: nani ameomba nini, nimesikia nini mwilini, na sentensi gani imepita kichwani. Nikanunua daftari dogo. Mwilini ilikuwa daima ni shingo. Sentensi ilikuwa karibu ileile kila mara: nikikataa watasema nimejitenga. Msingi wa zoezi hilo uliwekwa miaka ya 1960 na Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, aliyegundua kuwa wagonjwa wake walikuwa na mawazo ya haraka yanayopita chini ya yale waliyokuwa wakiyasema. Shingo yangu ya Kimara haikujali limetoka wapi.

Mama hakuniambia nikatae. Aliuliza, "Nani hasa atasema?" Tukawataja mmoja mmoja. Orodha ikawa fupi kuliko nilivyodhani, na wawili kati yao hawakuwahi kuchangia chochote tangu niwajue. Akauliza, "Na wakisema, nini kitatokea Jumatatu?" Nikacheka bafuni. Mama mkwe akagonga.

Kilichobadilika si kikubwa cha kusimulia. Nilitenga kiasi cha ukoo kila mwezi, nikakiandika kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kikiisha kimeisha. Kundi lilikaa kimya siku nzima, kisha shangazi akatuma maua. Usingizi tulishughulika nao kwa njia kavu kabisa: saa moja ya kuamka kila siku hata Jumapili, simu ilale sebuleni, na nikikaa macho muda mrefu nisigeuke-geuke kitandani, niinuke nikae kwenye kiti mpaka macho yawe mazito. Wiki za mwanzo nilikuwa nimechoka kupita zamani. Naandika hili makusudi, kwa sababu ushuhuda mwingi wa mtandaoni unasema mtu alizungumza mara moja akatoka mwepesi. Mimi nilitoka mzito mara kadhaa, na kuna jioni nilimkasirikia mama wa watu kiasi cha kutaka kumzuia asiweze kunipigia. Nilipomwambia hivyo alionekana, au niseme alisikika, kufurahi.

Video tuliizima mapema. Bafu langu halina sura ya kuonyeshwa, na nikajikuta nasema zaidi nisipoonwa. Si jambo jipya. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianza kupokea simu za watu waliokata tamaa katika kanisa lake la St Stephen Walbrook, London, na huduma ya Samaritans ikazaliwa pale. Kinachopotea nakijua pia. Mama hakuona kwamba kipindi fulani nilikuwa nimepungua mwili, mpaka niliposema mwenyewe. Hakuona kucha zangu. Kuna siku aliniomba niwashe kamera dakika mbili tu, akanitazama, akasema asante, izime.

Bei sitaificha wala sitaipamba: kwangu ilikuwa sawa na kwenda saluni na kusuka, nikajisuka mwenyewe miezi ile. Asiye na hata hiyo aulize hospitali za rufaa na vyuo vinavyofundisha fani hii, na baadhi ya mashirika ya dini, yapo yanayotoa kwa mchango mdogo.

Suala la siri ndilo linalohitaji macho. Finland, mwaka 2020, ilibainika kuwa kumbukumbu za wagonjwa wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo zimeibwa. Watu zaidi ya 30,000 waliguswa, na wengi wakatumiwa ujumbe wa kudai fedha ili yale waliyomwambia mtaalamu wao yasimwagwe hadharani. Kituo kikafilisika mwaka uliofuata. Machi 2023 kampuni ya BetterHelp ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 7.8, baada ya tume ya biashara ya nchi hiyo kudai kuwa ilipeleka taarifa za wateja kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ni vizuri. Hata hivyo kwa mtu wa kawaida mvujaji hakai Finland, yuko kochini. Ujumbe wa malipo ya simu unataja jina la aliyepokea. Simu ya mzazi inachezewa gemu na mtoto, ghafla juu ya skrini panatokea "Kikao chetu ni saa kumi." Muulize mshauri wako anaandika wapi maelezo yako na nani mwingine anayaona, kisha nenda kazime taarifa zinazojitokeza kwenye skrini. Mshauri wangu huandika kwenye daftari lenye namba badala ya jina, na daftari linafungiwa kabatini. Wezi wa mtandao watatumia bisibisi.

Binamu yangu anafanya kazi za ndani Dubai, na kwake mambo ni mengine kabisa. Simu za WhatsApp kule zimezuiwa, na siku yake inaisha baada ya nyumba nzima kulala. Yeye na mshauri wake hutumiana ujumbe wa sauti. Anarekodi akipanga vyombo, anasikiliza majibu asubuhi akipeleka taka. Wataalamu wengine watasema hayo si mazungumzo. Yeye anasema kwa miezi mingi ilikuwa sauti pekee ya Kiswahili iliyomuuliza umeamkaje ikasubiri jibu.

Kuna ambao njia hii haiwafai, na mshauri mzuri ndiye wa kwanza kukwambia. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyeacha kula na kuoga, anayewaza kujitoa uhai, anayeishi na mtu anayempiga na kumkagulia simu: hao wanahitaji watu walio karibu nao kimwili. Hospitali za Muhimbili, KCMC na Bugando zina kliniki za afya ya akili, na mtoto akiwa hatarini namba 116 inapigwa bure, Tanzania Bara na Kenya pia. Mama alinieleza haya mapema, akanitaka nikubali kwamba akiona hatari atamwita yule wa dharura niliyemtaja. Nilikubali. Siri yake ina ukomo, na alinionyesha ukomo huo kabla sijaanza kusema.

Tulianza kila wiki, tukaenda kila baada ya wiki mbili, kisha mwezi. Kisha akasema nimtafute nikimhitaji. Nilimwambia mdogo wangu, wa tatu kwetu, ambaye naye halali, nikampa namba kwa furaha zote. Mama alimkataa. Alimjibu kwa upole kwamba hawezi kumhudumia ndugu wa mteja wake, maana hadithi ya nyumba moja ingemfikia kwa masikio mawili, na akampa namba ya kijana mmoja wa Mwanza. Mdogo wangu alinuna, akasema hata washauri wa siku hizi wana maringo. Akampigia wa Mwanza baada ya Pasaka. Siku hizi tukikutana kwa shangazi, mimi na yeye tunaongea habari za watoto na bei ya sukari, na nina uhakika kabisa kwamba kule Mwanza nimeshasemwa.